Kikomo cha benzini kimeshuka, kipimo cha mkojo kimebaki nyuma

Kuanzia tarehe 5 Aprili 2026, mfanyakazi katika nchi za Umoja wa Ulaya hatakiwi kuvuta hewa yenye benzini, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya petroli na inayoleta saratani ya damu, zaidi ya sehemu 0.2 kwa milioni, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Hiyo ni miligramu 0.66 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Agizo 2022/431 lililoleta kikomo hicho liliteremka ngazi kwa ngazi: sehemu 1 hadi Aprili 2024, kisha 0.5, halafu 0.2. Ukitaka kuona safari ilivyokuwa ndefu, rudi kwenye Mkataba Na. 136 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1971 kwa ajili ya benzini peke yake. Huko hewa ilitakiwa isizidi sehemu 25.

Habari hii imezua hoja mbili. Wapo wanaosema kikomo kimekuwa kidogo, basi tupime mikojo ya watu wengi zaidi, tena mara kwa mara. Na wapo wanaosema: sisi tunapima kila mwaka, majibu ni mazuri, kikomo kipya hakitugusi. Kwa juujuu hoja hizi zinapingana, ila zote zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba kipimo cha mkojo hakibadiliki na kwamba majibu yake yanamhusu aliyetoa mkojo. Msimamo wangu ni kwamba dhana hiyo ndiyo inayoharibu kazi. Mkojo wa mfanyakazi unapima udhibiti wa mahali pa kazi: kama mitambo ya kuvuta moshi, barakoa, glavu na utaratibu wa kazi vimeshika au vimevuja. Hautangazi ugonjwa wala hautoi cheti cha uzima. Zaidi ya hapo, kila kiashiria kina upeo wake; kikomo cha hewa kikishuka chini ya upeo huo, kiashiria hufa bila mtu kujua, huku karatasi za maabara zikiendelea kutoka zimeandikwa "kawaida".

Tuanze na namna kipimo kinavyofanya kazi. Kemikali huingia mwilini kwa pua, kwa ngozi, au kwa mdomo pale mtu anapokula au kuvuta sigara kwa mikono michafu. Nyingine, hasa metali kama zebaki na kadimiamu, hutoka kwa figo bila kuvunjwa, na maabara huzitafuta zenyewe. Nyingi huvunjwa na ini kwanza, hivyo kinachotafutwa ni zao lake: asidi ya methilihipuriki kwa zailini, asidi ya mandeliki kwa stairini, 1-haidroksipairini kwa moshi wa lami na makaa ya mawe, diamini kwa isosayaneti. Namba inayopatikana hulinganishwa na kielelezo. Marekani, jumuiya ya wataalamu iitwayo ACGIH hutoa vielelezo vya BEI. Ujerumani kuna vya BAT. Uingereza, mamlaka ya afya na usalama kazini, HSE, ina vyake. Vingi kati ya vielelezo hivi si sheria bali ni mwongozo, na namna vilivyopatikana hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Chukua kile cha Uingereza cha MbOCA, kigumisho kinachotumika kutengeneza magurudumu na roli za plastiki ya poliyurethani: mikromoli 15 kwa kila moli ya kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo. Hakikupatikana kwa kuchunguza ni kiasi gani huleta saratani ya kibofu. Kilipatikana kwa kukusanya majibu ya sehemu za kazi zenye udhibiti mzuri na kuona asilimia 90 ya majibu hayo yanaishia wapi. Kwa hiyo anayezidi 15 anaambiwa kwamba kiwanda chake kinafanya vibaya kuliko viwanda vinavyojitahidi. Hajaambiwa kwamba ana saratani, na aliye na 14 hajaambiwa kwamba hatapata.

Benzini ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kiashiria kinavyopitwa na wakati. Kwa miaka mingi zao lililotafutwa lilikuwa fenoli. Hewa ya viwanda ilipokuwa na sehemu 10 au 25 kwa milioni, fenoli ilitosha, kwa sababu ilipanda waziwazi kufuata kilichovutwa. Lakini mwili hutoa fenoli hata pasipo benzini, kutokana na kuvunjwa kwa protini za chakula, na zipo dawa za tumbo zenye salisaileti ya bismathi na dawa za koo zenye fenoli zinazoiongeza. Chini ya sehemu 5 hivi kwa milioni, fenoli iliyotokana na benzini humezwa na ile ya kawaida. Kanuni ya benzini ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ya mwaka 1987, bado inaitaja fenoli, ila kwa dharura tu: aliyepatwa na mmwagiko atoe mkojo mwishoni mwa zamu, upimwe ndani ya saa 72, majibu yarekebishwe kwa uzito mahususi wa 1.024, na yakifika miligramu 75 kwa lita, hesabu ya chembe za damu irudiwe kila mwezi kwa miezi 3. Kwa dharura hilo lina mantiki, maana dozi ni kubwa. Kuichukua fenoli hiyohiyo na kuifanya kipimo cha kila mwaka kwa watu wanaovuta sehemu 0.3 ni kupoteza fedha na, vibaya zaidi, ni kuwapa watu utulivu usio na msingi.

Baada ya fenoli ilikuja asidi ya mukoniki, ambayo ACGIH iliiwekea kielelezo cha mikrogramu 500 kwa gramu ya kreatinini mwishoni mwa zamu. Hii nayo ina adui: asidi ya sobiki na chumvi zake, kihifadhi kinachowekwa kwenye jibini, keki na vinywaji vya matunda. Sehemu ndogo ya sobiki hugeuka mukoniki mwilini. Kikomo cha hewa kilipokuwa sehemu 1, kelele hiyo ilivumilika. Kwenye sehemu 0.2, chupa moja ya kinywaji yaweza kumfanya karani wa ofisini aonekane kama fundi wa matangi. Kinachobaki ni asidi ya S-fenilimakapturiki, ambayo ACGIH iliiwekea kielelezo cha mikrogramu 25 kwa gramu ya kreatinini, inayotokana na benzini yenyewe na haiguswi na chakula. Hata hii ina mitego miwili ambayo mkataba na maabara unapaswa kuigusa. Wa kwanza ni wa kurithi: watu wasio na kimeng'enya cha GSTT1 huitoa kidogo kuliko wenzao wanaovuta hewa ileile. Wa pili ni wa maabarani: mkojo hubeba pia umbo la awali la asidi hiyo, ambalo hugeuka kuwa asidi kamili pale sampuli inapotiwa asidi kali, na maabara mbili zikitumia asidi ya nguvu tofauti zitatoa namba tofauti kwa mkojo mmoja. Kulinganisha majibu ya mwaka jana na ya mwaka huu baada ya kubadili maabara, bila kuuliza swali hilo, ni kazi bure. Na ikumbukwe kwamba 500 na 25 zilipangwa kuendana na hewa yenye sehemu 0.5 kwa milioni. Anayezitumia kuthibitisha 0.2 anapima kwa rula ya kikomo cha jana.

Sigara nayo inahitaji hesabu yake. Kwa makadirio ya kawaida, mtu huvuta mita za ujazo 10 za hewa kwa zamu. Kwenye miligramu 0.66 kwa mita ya ujazo hizo ni miligramu 6.6, na karibu nusu hubaki mwilini, yaani 3.3. Mvutaji wa sigara 20 kwa siku huingiza karibu miligramu 1 ya benzini kutoka kwenye sigara peke yake. Enzi za sehemu 5 kwa milioni, hiyo 1 haikuwa kitu mbele ya zaidi ya 80 zilizobaki mwilini kutokana na kazi. Kwenye kikomo kipya ni karibu theluthi. Ndiyo maana mpango wowote wa maana hupima pia kotinini, zao la nikotini, katika chupa ileile. Kuuliza "unavuta?" kwenye fomu hakutoshi, kwa kuwa mtu anayeogopa kuambiwa kwamba sigara ndiyo iliyoharibu majibu yake ana kila sababu ya kuandika hapana.

Hapa hoja ya wapenzi wa vipimo vya hewa inapata nguvu, na ni haki kuikubali. Benzini kwa sehemu kubwa huingia kwa pua, na kibeji cha kunasa mvuke kinachobandikwa kolani zamu nzima hupima kiasi kidogo sana bila kujali mtu alikula nini au alizaliwa na vimeng'enya gani. Kwa kuthibitisha kikomo cha 0.2, hewa ndiyo inayotangulia. Mkojo uje nyuma yake kujibu swali ambalo kibeji hakiwezi: je, kilichokuwa hewani kiliingia mwilini, na je, kipo kilichoingia bila kupitia hewani? Anayebadili mpangilio huo, akaacha hewa na kubaki na mkojo kwa sababu chupa ni nafuu kuliko mtaalamu wa vipimo, amekosea kwa benzini.

Lakini mpangilio huo hugeuka kwa kemikali nyingine, na ndipo wengi wanapoteleza kwa kutumia kanuni moja kwa zote. MbOCA haipai kirahisi. Pampu ya kupimia hewa yaweza kurudi karibu tupu ilhali mkojo unaonyesha mikromoli nyingi. Njia yake ni ngozi. Hubaki kwenye mpini wa mlango wa tanuri, kwenye kitasa cha mizani, na hasa ndani ya glavu: mtu anavua glavu kwa mkono mchafu, anazivaa tena baada ya chai, na kuanzia hapo glavu inaifungia kemikali juu ya ngozi yenye joto na jasho. Dimethilifomamidi, kiyeyusho cha viwanda vya ngozi bandia na nyuzi, hupita kwenye glavu nyembamba za nitrili haraka, wakati glavu za butili huizuia kwa muda mrefu. Msimamizi anayeona kila mtu amevaa glavu atatia alama ya tiki kwenye fomu. Mkojo utamweleza kwamba ni glavu za aina isiyofaa. Tena, yupo mvaa barakoa. Pampu hupima hewa iliyo nje ya barakoa, kwa hiyo haijui kama barakoa imekaa vizuri usoni, kama ndevu zimeacha mwanya, au kama chujio limeisha nguvu. Mtu anayebeba mizigo mizito naye huvuta hewa nyingi zaidi kwa dakika kuliko anayekaa kwenye jopo la mitambo, na kiyeyusho huingia zaidi ingawa vibeji vyao vinasoma sawa.

Mfano wa karibu zaidi ni mpuliza rangi za magari anayechanganya rangi na hadna, yaani kigumisho, yenye isosayaneti. Chumba cha kupulizia kina feni, naye amevaa barakoa inayolishwa hewa safi kwa bomba. Kila kitu kiko sawa hadi anapomaliza kupuliza paneli na kuinua kioo cha barakoa ili akague mng'ao wa rangi. Ukungu mwembamba bado unaelea, hauonekani kwenye mwanga wa kawaida, na kila chumba kina muda wake wa kusafika ambao unapaswa kupimwa kwa moshi wa majaribio na kubandikwa mlangoni. Kuinua kioo kabla ya muda huo kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, kunatosha kuinua majibu. Kielelezo cha Uingereza ni mikromoli 1 ya diamini kwa moli ya kreatinini, nacho kimepatikana kwa njia ileile ya asilimia 90. Diamini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa chache, kwa hiyo mkojo hutolewa mara tu kazi inapokwisha, ikiwezekana ndani ya saa moja, kwenye chupa yenye asidi ya sitriki ya kuihifadhi. Ukichukuliwa asubuhi ya kesho yake utakuwa umesafika, na mpuliza rangi mzembe ataonekana sawa na makini. Hata hivyo, majibu safi hayamwondolei haja ya kupimwa mapafu, kwa sababu mtu ambaye mwili wake umeshazoeshwa kuikataa isosayaneti hupata pumu kwa kiasi kidogo mno kuliko kile ambacho maabara itakiona.

Wakati wa kuchukua sampuli ndio unaoharibu vipimo vingi kuliko maabara yenyewe. Kemikali zinazotoka haraka, kama zailini, benzini na isosayaneti, hutaka mwisho wa zamu. Zinazojilimbikiza wiki nzima, kama aseniki, hutaka mwisho wa wiki ya kazi. Zebaki hupungua nusu kwa takriban miezi miwili, hivyo siku yoyote inafaa, mradi saa iwe ileile kila mara, kwa kuwa utoaji wake hupanda na kushuka ndani ya siku. ACGIH hutaka kabla ya zamu. Kadimiamu hukaa kwenye figo miaka 10 hadi 30, na mkojo wake unaeleza maisha ya kazi, si wiki iliyopita. Kumpima mfanyakazi mpya baada ya mwezi mmoja ili kuona kama mashine inavuja hakuna maana, mtu huyo apimwe damu. Halafu ipo ngozi, inayovuruga ratiba zote. Kemikali iliyopita kwenye ngozi huchelewa, huendelea kuingia hata baada ya mtu kuoga na kufika nyumbani. Kwa methilini dianilini, kigumisho kingine cha plastiki, Waingereza hushauri mkojo wa mwisho wa zamu kama shaka ni hewa, na wa kabla ya zamu ya siku inayofuata kama shaka ni ngozi. Kliniki inayokuja mara moja kwa mwaka, Jumanne saa 3 asubuhi, na kuwapanga wafanyakazi wote foleni moja, haipimi chochote kati ya hivyo.

Chupa nayo ina sheria zake. Kwa metali, chupa iwe ya plastiki iliyooshwa kwa asidi, na mtu avue ovaroli, anawe mikono na uso, atoe mkojo chooni mbali na eneo la kazi. Chembe moja ya vumbi la kromiamu kutoka kwenye mkono wa ovaroli yaweza kuzidi kilichopita kwenye figo siku nzima. Kwa viyeyusho vinavyopimwa vyenyewe, kama toluini au asetoni, chupa isiyojaa ni hasara, kwani kiyeyusho huhamia kwenye nafasi ya hewa iliyo juu na hutoka mara kifuniko kinapofunguliwa. Ijazwe hadi mdomoni, au mkojo uhamishiwe papo hapo kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira. Zebaki hunata kwenye kuta za chupa, kwa hiyo maabara hutoa chupa yenye kihifadhi na mtu asiimwage dawa hiyo akidhani ni uchafu. Floraidi haitaki kioo. Aseniki haitaki samaki wala dagaa wa baharini siku 3 au 4 kabla, vinginevyo itafutwe kwa umbo lake badala ya jumla, kwa sababu aseniki ya samaki haina sumu ile na huijaza namba. Sampuli zisizofika maabara siku hiyo ziwekwe kwenye jokofu nyuzi 4, na zinazosubiri wiki zigandishwe.

Baada ya hapo kuna wepesi au uzito wa mkojo wenyewe. Aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi, aliyetoka jasho tanurini ana mzito, na namba kwa lita haiwalinganishi. Maabara hugawa kwa kreatinini, ambayo misuli huitoa kwa kasi inayokaribiana kila siku. Tazama watu wawili wa kiwanda kimoja cha zebaki. Wa kwanza ana mikrogramu 12 kwa lita, wa pili 30. Kwa macho, wa pili ndiye wa kuhofia. Lakini wa kwanza ana kreatinini gramu 0.4 kwa lita na wa pili gramu 2.0. Ukigawa, wa kwanza ana mikrogramu 30 kwa gramu na wa pili 15, na kielelezo cha ACGIH ni 20. Aliyeachwa aende zake ndiye aliyezidi. Mkojo wenye kreatinini chini ya gramu 0.3 au juu ya 3 kwa lita haufai kabisa, urudiwe. Kigawanyo hiki nacho kina mipaka: mwenye misuli midogo, mzee, au asiyekula nyama hutoa kreatinini kidogo, na majibu yake hupanda bila sababu ya kazi. Kwa viyeyusho vinavyopita kwenye figo bila kubadilika, kama toluini, haitumiki. Hivyo husomwa kwa lita.

Kati ya hoja zote zinazotolewa, iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya "majibu safi, kazi salama". Kwanza, vikomo vya hewa vipo kwa mamia ya kemikali na vya mkojo kwa makumi tu. Klorini, amonia na ukungu wa asidi ya sulfuriki huunguza pale vinapogusa na havielezi chochote mkojoni. Vumbi la silika hubaki mapafuni. Mtu aweza kuwa na mkojo safi na mapafu yanayokufa. Pili, "haikuonekana" maana yake ni chini ya kiwango ambacho mashine ya maabara inaweza kusoma, na kiwango hicho kikiwa juu ya kielelezo, kila mtu atakuwa safi daima. Tatu, pombe na aspirini huchelewesha au kupunguza utoaji wa mazao ya viyeyusho kama zailini: kiyeyusho kimo mwilini, kinafanya kazi yake kwenye ubongo, huku asidi ya methilihipuriki ikisoma chini. Nne, namba moja ya mtu mmoja kwa mwaka ni bahati nasibu. Kundi la watu wanaofanya kazi ileile, wakipimwa siku ya kazi chafu badala ya siku ya ukaguzi, lina la kusema.

Hoja nzito ni ya wafanyakazi wenyewe, na wakuu wa viwanda huipuuza kwa hasara yao. Inasema hivi: mkinipima mimi badala ya kurekebisha mashine, mmenifanya chujio la kiwanda, na majibu yakiwa mabaya, nitakayeondolewa ni mimi. Hofu hiyo ina ushahidi wa kutosha katika historia ya viwanda, na haijibiwi kwa semina. Hujibiwa kwa masharti. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1985, kifungu cha 12, unataka uchunguzi wa afya kazini usimpunguzie mfanyakazi mshahara, uwe bure, na ufanyike ndani ya saa za kazi kadiri inavyowezekana. Kanuni ya kadimiamu ya Marekani ya mwaka 1992 ilikwenda mbali zaidi: anayezidi viwango vilivyowekwa, kwa sasa mikrogramu 7 kwa gramu ya kreatinini, huondolewa kwenye kadimiamu huku mshahara na cheo chake vikilindwa hadi miezi 18. Angalia kinachotokea hapo. Namba mbaya inakuwa gharama ya mwajiri, na mwajiri anapata sababu ya kununua feni. Pasipo kifungu kama hicho, namba mbaya ni gharama ya mfanyakazi, na yeye hupata sababu ya kuongeza maji kwenye chupa. Anayelalamika kwamba wafanyakazi wanachezea sampuli aangalie kwanza nani analipa zinapokuwa mbaya.

Usiri ni sehemu ya masharti hayohayo. Fomu ya ridhaa itaje kemikali zitakazopimwa kwa majina na iseme kwamba mkojo uliobaki utamwagwa, kwa sababu chupa ileile inaweza kueleza ujauzito na dawa za kulevya, na kila mfanyakazi anajua hivyo. Majibu ya mtu yaende kwake na kwa daktari wa afya kazini. Mwajiri apewe picha ya kundi: watu wangapi wa idara ya matangi wamezidi, kazi ipi walikuwa wanafanya, nini kirekebishwe. Katika kundi la watu wawili hata picha hiyo hufichua, na hapo ni afadhali kuwaeleza kabla kuliko kujifanya kuna siri.

Kwa benzini, basi, fedha zilizokuwa zinanunua chupa za fenoli au mukoniki kwa watu wote mara moja kwa mwaka zinunue kitu tofauti: kibeji na chupa kwa mtu mmoja siku moja, kwa walio kwenye kazi chafu tu, yaani wapima kina cha matangi, wachukua sampuli, wapakiaji wa malori ya mafuta, mafundi wa kufungua pampu na mabomba. Jozi hiyo husomeka. Hewa juu na mkojo chini maana yake barakoa inafanya kazi, na kwamba siku ikishindwa hakuna kinga nyingine. Hewa chini na mkojo juu inaelekeza kwenye ngozi, nguo zilizolowa, au sigara, na kotinini itaamua kuhusu sigara. Vyote juu, simamisha kazi hiyo urekebishe chanzo. Vyote chini kwa raundi kadhaa, punguza vipimo na upeleke fedha kwenye idara nyingine. Anayezidi atoe sampuli ya pili ndani ya siku chache, na ahojiwe kuhusu zamu ile wakati bado anaikumbuka: alifungua nini, alivaa glavu gani, alikula wapi.

Na kabla ya kusaini mkataba na maabara, maswali ni haya: mnapima kiashiria gani cha benzini, mnatia asidi ya nguvu gani wakati wa kuandaa S-fenilimakapturiki, kiwango chenu cha chini cha kusoma ni mikrogramu ngapi kwa lita, na mnashiriki mpango gani wa nje wa kulinganisha ubora. Maabara ikijibu swali la kwanza kwa neno fenoli, tafuta nyingine. Agizo 2024/869 la Umoja wa Ulaya limeshashusha pia vikomo vya risasi na kuweka kwa mara ya kwanza vikomo vya isosayaneti, na ngazi ya mwisho ya vikomo vya isosayaneti inashika baada ya tarehe 31 Desemba 2028, kwa hiyo maswali hayahaya yataulizwa tena na watengeneza betri na wapuliza rangi.